Ramah, URJ, Habonim Dror au kambi ya mchana? Kumchagulia mtoto kambi ya Kiyahudi ya kiangazi

Usajili wa kambi za kiangazi huku Marekani hufunguliwa theluji ikiwa bado imetanda nje. Ikifika Januari, nafasi za watoto wa miaka tisa na kumi huwa zishaanza kujaa, na mzazi aliyezaliwa Mombasa, Arusha au Bujumbura anajikuta mezani na vijitabu vinne vya rangi: vya Ramah, URJ na Habonim Dror, ambazo ni kambi za kulala, na cha kambi ya mchana. Kila kimoja kina ziwa, kina moto wa usiku, kina watoto walioshikana mabega. Vyote vinaahidi usalama, vyote vinajiita familia. Ukimaliza kuvisoma bado hujui umpeleke mtoto wapi.

Nawaandikia wenzangu ambao nyumba zao zina Kiswahili na Uyahudi chini ya paa moja: tulioolewa na Wayahudi au kuwaoa, walioingia Uyahudi wenyewe, wanaolea mtoto wa ndugu aliye katika hali hiyo. Hatuko wengi, lakini kila mwaka kabla ya Purimu, sikukuu ya Kiyahudi, mmoja wetu hunipigia simu na swali lilelile. Mimi ni Mswahili wa Mombasa, mume wangu ni Myahudi, na binti yetu ameshaenda kambi ya mchana na ya kulala. Nyingine nimezitembelea, na nyingine nimezidodosa kwa simu mpaka wakurugenzi wakaijua sauti yangu.

Barua ya maneno mawili

Kiangazi cha kwanza alicholala kambini, simu zilikuwa marufuku, kama zilivyo katika kambi nyingi, kwa hiyo tulitegemea barua. Barua yake ya pili ilikuwa ya Kiingereza na ya furaha tele: mtumbwi, nyimbo, rafiki mpya kutoka Ohio. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, aliandika kwa Kiswahili chake cha kubahatisha: "Mama nywele."

Kabla hajaondoka nilimsuka twende kilioni. Wiki moja ya kuogelea ziwani ilikuwa imezifumua nusu. Wenzake walizishika na kuzivuta, wakimuuliza kama ni zake, na kati ya walezi wa bweni lao, wale vijana wanaolala na kuamka na watoto, hakuna aliyejua la kufanya. Wala yeye hakumwambia mtu. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alinyamaza, alisema: "Sikutaka kuwasumbua. Pale mimi mgeni."

Neno hilo liliniondoa usingizi. Mtoto anayejihesabu mgeni hasemi nywele zinapovutwa. Siku mkono wa mtu mzima utakapofika mahali usipopaswa kufika, atasemaje? Tangu hapo nimeacha kuweka usalama fungu hili na ukaribisho fungu lile. Kambi inayomfanya mtoto ajione mwenyeji ndiyo itakayosikia mapema akiumizwa. Ulinganisho huu wote nimeupima kwa jicho hilo, na ni haki msomaji alijue mapema.

Vigezo vyangu vinne

Cha kwanza ni ulinzi wa kila siku. Je, kuna sheria inayokataza mtu mzima mmoja kukaa na mtoto mmoja mahali wasipoonekana? Usiku nani yuko karibu na bweni? Kambi nyingi za Kiyahudi zina neno la Kiebrania kwa jambo hili, shmira, yaani ulinzi: walezi wa zamu hubaki nje ya mabweni watoto wakishalala, wakati wenzao wako mapumzikoni. Uliza shmira ya kambi hiyo ni ya watu wangapi, wanalinda mabweni mangapi, na inaisha saa ngapi. Mkurugenzi anayejibu papo hapo, bila kutafuta maneno, ameshalifikiria jambo hilo kabla yako.

Kipo kipimo cha kulinganishia. American Camp Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1910, hutoa ithibati kwa kambi za aina zote. Kwa kambi ya kulala kinataka mlezi mmoja kwa watoto sita wenye miaka 6 hadi 8, na mmoja kwa wanane wenye miaka 9 hadi 14. Kwa kambi ya mchana ni mmoja kwa wanane, kisha mmoja kwa kumi. Kinataka pia asilimia 80 ya walezi wawe wametimiza miaka 18. Ithibati hii ni ya hiari, na leseni ya jimbo ni kitu kingine ambacho masharti yake hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo, kwa hiyo ulizia vyote viwili. Na tangu mafuriko ya mto Guadalupe kule Texas, Julai 4, 2025, yaliyoua watoto na walezi 27 wa Camp Mystic, kambi ya Kikristo ya wasichana, mimi huuliza bweni liko umbali gani na maji, na nani huwaamsha watoto tahadhari ikitolewa usiku wa manane. Swali hilo namuuliza mkurugenzi wa dini yoyote.

Cha pili ni mamlaka. Mlezi wa miaka 19 ana amri juu ya kijana wa miaka 16 ambaye miaka mitatu nyuma walikuwa wakiimba pamoja kama wenzake. Mpaka wa mapenzi baina yao umeandikwa wapi? Mtoto akiwa na malalamiko, na anayelalamikiwa ni mkurugenzi mwenyewe, anakwenda kwa nani? Foundation for Jewish Camp, shirika lililoanzishwa mwaka 1998 na linalosaidia zaidi ya kambi 300 za Amerika Kaskazini, lilianzisha mwaka 2018 mpango wa kupambana na unyanyasaji wa kingono kambini, likauita Shmira Initiative. Lipo pia shirika la Sacred Spaces linalosaidia taasisi za Kiyahudi kuandika na kusimamia sera za kuwalinda watoto. Muulize mkurugenzi wafanyakazi wake wamefundishwa na nani, na lini mara ya mwisho.

Cha tatu ni ukaribisho: nani anahesabiwa Myahudi mle ndani, mtoto mweusi atawaona wangapi wanaofanana naye, mwenye ulemavu ana nafasi gani. Cha nne ni pesa, nami sitaisemea sana kwa kila kambi kwa sababu kambi za kulala hazipishani mno: wiki moja huvuka dola 1,000. Mtoto anayelala kambini kwa mara ya kwanza anaweza kupata hadi dola 1,000 kupitia mpango wa One Happy Camper wa Foundation for Jewish Camp. Kambi nyingi zina fungu la msaada juu ya hapo, na masinagogi huongeza. Omba mapema na usione haya, maana bei iliyochapishwa haiwi ndiyo inayolipwa na kila familia.

Geti sikulifanya kigezo. Tangu mauaji ya sinagogi la Tree of Life mjini Pittsburgh, Oktoba 27, 2018, walipouawa watu 11, kambi za Kiyahudi zimeimarisha milango yake, na zina kila sababu. Lakini kwetu sisi geti lina upande wa pili. Siku ya wazazi ya kambi moja, kaka yangu alisimamishwa dakika ishirini na mlinzi, huku magari ya nyuma yake yakipungiwa mkono yapite. Binti yangu alikuwa amesimama kwa ndani akimwona mjomba wake. Kambi yoyote utakayoichagua, tuma majina na picha za watakaokuja, kisha uliza mlinzi ni wa kambi au wa kampuni ya kukodi, na ameelezwa nini kuhusu familia zenye sura kama yetu.

Kambi ya mchana

Hizi ni kambi za vituo vya jamii vya Kiyahudi vinavyojulikana kama JCC, za masinagogi, na za Gan Israel, mtandao wa Chabad, jumuiya ya kidini ya Kiyahudi, ulioanza na kambi ya kulala milimani New York mwaka 1956 na leo una kambi nyingi za mchana duniani.

Ulinzi: Nguvu yake kubwa ni saa kumi jioni. Mtoto anarudi, unamwogesha, unamwona mwili wake na uso wake, na kama kuna jambo litajitokeza wakati wa chakula au kesho yake atakapokataa kuvaa viatu. Hatari iko kwenye basi, kwenye vyumba vya kubadilishia nguo za kuogelea, na kwenye foleni ya kuchukua watoto. Uliza hayo matatu.

Mamlaka: Pengo la umri kati ya walezi na watoto ni kubwa zaidi kuliko kwenye kambi za vijana, kwa hiyo mambo ya mapenzi hayachukui nafasi kubwa. Wasaidizi lakini huwa vijana wadogo sana. Hakikisha hawaachiwi kikundi peke yao.

Ukaribisho: JCC hupokea watu wa kila namna, wakiwamo watoto wasio Wayahudi kabisa, na mtoto wa nyumba ya dini mbili hatahojiwa nasaba yake. Gan Israel huendeshwa na Wayahudi wa Orthodox, wanaoshika sheria ya dini kwa ukali. Wanakaribisha kwa moyo mkunjufu watoto wa nyumba zisizoshika dini, ila kwa sheria yao Uyahudi hupitia kwa mama au kwa kuongoka, na mtoto mwenye umri wa kuelewa anaweza kukutana na swali hilo.

Inamfaa mtoto mdogo, mtoto ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba, na mzazi ambaye bado anaisoma jamii ile. Haimfai sana anayetafuta ule undani wa kuishi pamoja usiku na mchana. Huo haupatikani kwa kurudi nyumbani jioni.

Ramah

Kambi ya kwanza ya Ramah ilifunguliwa mwaka 1947 huko Conover, Wisconsin, chini ya vuguvugu la Conservative, Wayahudi walio kati ya Orthodox na Reform, hao wa mwisho wakiwa wenye kulegeza zaidi. Leo zipo Ojai kule California, Clayton kule Georgia, milima ya Rocky, Ontario na kwingineko.

Ulinzi: Mpangilio wake una faida moja ambayo wazazi hawaitambui haraka: watoto wamegawanywa kwa rika, kila rika lina mkuu wake, na juu ya mkuu kuna wengine. Mtoto ana zaidi ya mlango mmoja wa kugonga. Sabato inashikwa kikamilifu, kwa hiyo kuanzia Ijumaa magharibi hadi Jumamosi usiku usitarajie picha wala jibu la barua pepe. Mzazi asiye Myahudi huuliza, mtoto akiugua Sabato itakuwaje? Atapelekwa hospitali kwa gari mara moja. Sheria ya Kiyahudi huweka uhai mbele ya Sabato, na hakuna rabi anayelibishia hilo.

Mamlaka: Hapa nakaa kidogo, kwa sababu jambo hili linazihusu kambi zote za vijana, ila kwenye kambi za kidini lina uzito wake. Kambi za Kiyahudi kwa miaka mingi zimejivunia wanandoa waliokutana kambini. Ni fahari ya watu wachache wanaotaka kubaki kuwapo duniani, nami naiheshimu. Lakini ikigeuka kuwa shinikizo, kijana wa miaka 15 anaanza kuona kwamba kupata mpenzi ni sehemu ya ratiba. Na mtoto wa nyumba kama yetu anasikia jambo la ziada. Kila hadithi ya "walikutana hapa, wakaoana, wakaleta watoto wao hapa" inamnong'oneza kwamba ndoa ya wazazi wake ilikuwa kosa. Nilimuuliza mkurugenzi mmoja wa kambi ya kidini, nisiyemtaja wala kuitaja kambi yake, anawaambiaje watoto hao. Alinyamaza, kisha akasema hakuwahi kuulizwa. Wewe muulize wako.

Ukaribisho: Katika ulemavu, Ramah iliwahi mbele ya wengi. Programu yake ya Tikvah, jina lenye maana ya tumaini, ilianza mwaka 1970 katika kambi ya Glen Spey, New York, ikiongozwa na Herb na Barbara Greenberg, wakati ambapo kuwachanganya watoto wenye ulemavu na wengine kambini lilikuwa jambo la kuogopwa. Ikaenea kwenye kambi nyingine za Ramah. Mwenye mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili aanzie hapa.

Katika nasaba mlango ni mwembamba zaidi. Conservative hufuata Uyahudi wa mama, au kuongoka mbele ya baraza la marabi na kuzama katika maji ya mikve, kidimbwi cha ibada. Ikiwa baba ndiye Myahudi na mama siye, piga simu kabla ya kugusa fomu na kabla mtoto hajaona picha za ziwa. Zungumza na mkurugenzi mwenyewe. Mtoto aliyeongoka ni Myahudi kamili, na sheria yao yenyewe inakataza kumkumbusha aliyeongoka alikotoka. Uliza jambo hilo linafundishwaje kwa watoto wa miaka kumi na miwili, maana wao ndio watakaouliza, "Kwani wewe ni Myahudi kweli?"

Jiko ni la kosheri, yaani chakula cha sheria ya Kiyahudi. Mama yangu, Muislamu wa sala tano, alikuwa na swali moja tu kwenye simu kutoka Mombasa:

"Huko watampa chakula gani, mwanangu?"

"Nguruwe hawamgusi, mama. Na nyama yao huchinjwa kwa dua."

"Haya. Hapo umenituliza."

Inaifaa nyumba inayoshika au inayotaka kushika Sabato, mtoto anayependa sala na Kiebrania, na familia inayohitaji Tikvah.

URJ

Hizi ni kambi za Union for Reform Judaism. Ya kwanza ilianzishwa mwaka 1952 huko Oconomowoc, Wisconsin. Nyingine zinazojulikana ni Eisner kule Massachusetts, Harlam kule Pennsylvania, na zile za 6 Points ambazo kiini chake ni michezo au sayansi.

Ulinzi na mamlaka hapa nayaweka pamoja, kwa sababu yamefungamana katika karatasi moja. Februari 2022, URJ ilitoa hadharani ripoti iliyoandikwa na kampuni ya mawakili ya Debevoise & Plimpton, ambayo umoja wenyewe ulikuwa umeiajiri uchunguze mienendo mibaya ya kingono katika programu zake, kambi zikiwamo. Ripoti ilieleza matukio ya miongo kadhaa. Ni kurasa nzito kwa mzazi yeyote.

Wenzangu wawili waliiondoa URJ kwenye orodha siku ileile. Nawaelewa. Mimi sikuiondoa. Taasisi iliyoalika macho ya nje ikachapisha walichokiona imenipa kitu cha kuishika nacho: naweza kumuuliza mkurugenzi ni mapendekezo yapi yametekelezwa kambini kwake, na akijibu kwa jumla najua jumla yake haitoshi. Kambi isiyokuwa na ripoti haijathibitisha usafi wala uchafu, na kwa hiyo wakurugenzi wa Ramah na Habonim Dror niliwauliza maswali yaleyale: je, mmewahi kuleta mchunguzi wa nje? Walioumizwa zamani wanaweza kuwafikia kwa njia gani? Nilipima upesi na uwazi wa majibu.

Ukaribisho: Kwa nyumba ya baba Myahudi na mama asiye Myahudi, hapa ndipo pepesi zaidi kati ya kambi za kidini. Mwaka 1983 marabi wa Reform wa Marekani walipitisha kwamba mtoto wa mzazi mmoja Myahudi, awe baba au mama, anahesabiwa Myahudi akilelewa hivyo kwa vitendo. Binti yangu hana haja ya kujieleza mlangoni. Lakini mlango kuwa wazi hakumaanishi ndani kuna wa kumjua. Kwa rangi, hali hubadilika sana kutoka kambi hadi kambi. Uliza idadi: walezi weusi wangapi msimu uliopita, na wangapi wamerudi. Kurudi ndiko kunakoniambia kitu, kwa kuwa mlezi mweusi aliyevumilia kiangazi kimoja akaondoka anajua jambo ambalo kijitabu hakisemi.

Katika chakula, sala na Sabato kuna ulegevu kuliko Ramah: magitaa siku ya Sabato, nguo nyeupe Ijumaa, uimbaji wa kutikisa meza. Nyumba inayoshika kosheri kwa ukali iulize kwanza jiko la kambi hiyo linafuata nini.

Inaifaa familia ya dini mbili inayomlea mtoto Kiyahudi, na mtoto mwenye kipaji cha sayansi au michezo anayetaka Uyahudi uwe pembeni ya hicho anachokipenda.

Habonim Dror

Hili ni vuguvugu la vijana la Kizayuni, yaani la kuiunga mkono Israeli kama nchi ya Wayahudi, lenye mizizi ya ujamaa wa kibutzi, vijiji vya Israeli vya kumiliki mali kwa pamoja. Lina kambi chache tu: Galil huko Pennsylvania, Moshava huko Maryland, Tavor huko Michigan, Gilboa huko California, na nyingine mbili tatu, zikiwamo za Kanada.

Ukaribisho: Naanza na huu kwa sababu ndio uliotuvuta. Pale watoto wote hufanya kazi: kufagia, kuosha vyombo, kusugua vyoo. Pesa za vitafunwa huwekwa kwenye mfuko mmoja uitwao kupa, na watoto wenyewe hukaa kikao kuamua zitumikeje. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilimwona mtoto mmoja mpya, hajui neno la Kiebrania, akipewa ufagio asubuhi ya kwanza na kuonyeshwa na mwenzake pa kumwaga taka. Kufikia adhuhuri alikuwa anawaelekeza wengine. Kwa mtoto anayejiona mgeni, ufagio ule unasema "hapa ni kwako" kuliko hotuba yoyote ya kukaribisha.

Mwaka 2016 kambi hizi zilianza pia kutumia Kiebrania kisichombana mtu katika jinsia. Kiebrania hugawa karibu kila nomino kuwa ya kiume au ya kike, hata neno "mwanakambi", kwa hiyo walibuni neno la tatu, chanichol. Sisi wenye "yeye" moja kwa watu wote tunaweza kushangaa kelele iliyozuka, lakini kwa kijana asiyejiona katika mafungu yale mawili lilikuwa tendo la kumpa kiti.

Mamlaka: Vijana ndio wanaoongoza, na uzuri na wasiwasi wangu vinatoka chungu kimoja. Kijana aliyezoea kupinga hoja ya mlezi kikaoni hataogopa kusema "sitaki". Lakini pale ambapo anayeongoza na anayeongozwa wamekaribiana umri, mpaka baina yao unahitaji kuandikwa kwa wino mzito zaidi, na mtu mzima wa makamo anahitaji kuwapo akiwa na mamlaka ya kweli.

Ulinzi: Uliza umri wa mkurugenzi, uzoefu wake, na nani nje ya vuguvugu humkagua. Uliza muuguzi analala wapi. Kambi ni ndogo, watoto hujulikana kwa majina, na hilo lenyewe ni ulinzi. Ila kambi ndogo ina watu wachache wa kuziba pengo mmoja akiugua.

Israeli inajadiliwa sana huku, na si huku tu: kambi nyingi za Kiyahudi hupokea wafanyakazi Waisraeli kupitia Jewish Agency, shirika la Kiyahudi lenye makao Israeli. Tangu shambulio la Hamas dhidi ya Israeli la Oktoba 7, 2023 na vita vya Gaza vilivyofuata, mtoto mwenye binamu Waislamu Mombasa anaweza kurudi na maswali mazito, au kwenda nayo. Uliza kambi yoyote, ya vuguvugu lolote: mtoto akiuliza kuhusu Wapalestina hujibiwaje, na akilia kwa ajili ya Waisraeli waliouawa hutulizwaje? Nataka kambi yenye nafasi kwa maswali yote mawili.

Inamfaa kijana mwenye hoja nyingi, nyumba ya Kiyahudi isiyo ya sala, na mtoto anayechangamka akipewa wajibu. Haiifai nyumba inayotaka ibada ya kila siku.

Kwa hali yako

Mtoto hajafika miaka tisa: mpe kiangazi kimoja cha mchana, hata kama binamu zake wote wanalala kambini. Akizoea nyimbo na baraka za chakula, mwaka ujao hatafika kambi ya kulala akiwa mtupu.

Mama ndiye asiye Myahudi na hakuna mpango wa mtoto kuongoka: anza na URJ, Habonim Dror na JCC. Ramah ipigie simu tu ikiwa uko tayari kusikia masharti, na usimwache mtoto asikilize mazungumzo hayo.

Mtoto wako atakuwa mweusi peke yake bwenini: kama unaweza, mpeleke pamoja na ndugu au rafiki wa sura yake, kipindi kimoja, bweni moja. Be'chol Lashon, shirika la San Francisco lililoanzishwa mwaka 2000 ambalo jina lake lina maana ya "kwa kila lugha", limekuwa likishughulika na Wayahudi wa rangi zote na liliwahi kuendesha kambi yake, hivyo waulize wana nini mwaka huu. Kuhusu nywele: msuke za kubana siku mbili kabla, mfungie kofia ya kuogelea kubwa kuliko ya kawaida, kitambaa cha hariri cha kulalia, na mafuta yenye jina lake. Kisha mpigie mlezi wa bweni, si ofisi, umweleze kwa utulivu. Wengi wao ni vijana wema ambao hakuna aliyewahi kuwaambia.

Umeshamsajili na sasa unaogopa: kubalianeni neno la siri la barua. Sisi letu ni "bahari". Likitokea popote kwenye barua, napiga simu siku hiyohiyo na kuomba kuzungumza naye mwenyewe. Mwaka jana halikutokea.

Na wewe kijana wa Nairobi, Mbale au Moshi uliyepata kazi ya ulezi wa kambi kwa viza ya J-1, ile ya Marekani ya mipango ya mabadilishano: vigezo hivi ni vyako pia. Kabla ya kusaini, omba sera ya ulinzi wa watoto kwa maandishi, uisome yote, maana ndiyo itakayokulinda na wewe usije ukatuhumiwa kwa jambo ulilodhani ni ukarimu, kama kumpeleka mtoto anayelia pembeni, peke yenu, umbembeleze. Weka namba ya shirika lililokudhamini viza mahali penye karatasi, nje ya simu. Na ukimkuta bwenini mtoto wa kwetu aliyesukwa twende kilioni, msalimie kwa Kiswahili.